Jina Nililolitaja Bandani

Nitawasimulia habari za mwanamke mmoja wa hapa kwetu Semardih, lakini jina lake hamtalisikia kinywani mwangu. Msinikasirikie. Nililitaja mara moja tu, ndani ya banda la rangi, mbele ya afisa na akina mama kumi na wanne, na mpaka leo nikikumbuka masikio yananiwaka moto. Mtu mzima mimi, mwenyekiti wa kikundi, bibi wa wajukuu wawili! Basi nitamwita kama nilivyozoea kumwita kwa miaka thelathini na moja: Bhojali.

Tulikuwa na miaka kumi na mitatu. Kila msimu wa mvua wasichana huotesha ngano ndani ya vikapu na kuvificha gizani mpaka majani yatoke marefu na ya njano, ndiyo tunayoyaita bhojali, halafu siku ya sikukuu huvibeba kichwani kwa nyimbo hadi bwawani. Mimi siku hiyo nilikuwa najishaua, natembea nimeachia mikono ili watu wanione. Nikateleza kwenye tope, kikapu changu chote majini, tena kabla ya maombi! Wenzangu walicheka mpaka wakashikiliana. Yeye hakucheka. Aliigawa ngano yake katikati, akanipa nusu nisimame nayo kwenye mstari kama wengine. Tulipomaliza alichomeka majani nyuma ya sikio langu, nami nikamchomeka yeye.

Ukishafanya hivyo na mtu, imekwisha. Mama yake ni mama yako, msiba wake ni msiba wako, na jina lake hulitamki tena hadi kufa. Unamwita Bhojali, naye anakuita Bhojali. Mume unaweza kugombana naye barabarani watu wakajaa. Bhojali, hapana.

Mimi ndiye niliyemtafutia mume. Niliolewa hapa Semardih kwa Jhumuk, ambaye hutengeneza baiskeli, na nilipochoka kumkumbuka Bhojali nikaanza kupeleleza vijana wa kijiji. Nikampata Puran. Mpole, hanywi, shamba lake dogo ungeweza kulivuka kwa kukohoa mara mbili. Nikamsifia kwa mama yake Bhojali mpaka ulimi ukakauka. Wakaoana, naye akahamia nyumba ya nne kutoka kwangu. Tukawa tunaazimana chumvi kama tuliozaliwa tumbo moja.

Lakini shamba lile halikutosha. Mpunga ukishavunwa, lori la matofali lilikuja, na wao walipanda pamoja na wengine wasio na kitu, wakaenda kaskazini kufyatua matofali hadi mvua zirudi. Mwaka wa nane Puran alianza kukohoa, na kikohozi kile kikammaliza huko huko tanurini. Mwili wake waliuchoma huko, kwa desturi yetu. Bhojali alirudi na majivu yake yamefungwa kwenye kitambaa, na binti yao Mongra wa miaka sita amemshika sari. Alikaa uani kwangu, hakulia. Akaniambia, "Bhojali, lori lile sipandi tena. Nitakula majani, lakini sipandi."

Alipanda. Njaa itakuacha? Alipanda misimu saba mingine, kwanza na mtoto mkononi, halafu pembeni yake akifyatua matofali naye. Mongra alisoma shule miezi mitano kwa mwaka, na hata hivyo alikuwa wa pili darasani. Mimi kila mwaka nilisimama barabarani nikiwapungia mkono, nikirudi nyumbani nashindwa kula.

Ndipo likaja eneo la viwanda. Msifikirie mabomba ya moshi, jamani. Lilikuwa zizi la kijiji, ng'ombe wasio na mwenyewe walikofungiwa wasile mazao. Serikali ikaweka uzio, ikajenga banda moja, ikatuambia akina mama tutengeneze mbolea ya minyoo. Wanaume walikaa ukutani wakitucheka. "Haya, wenye viwanda hao! Matajiri wa mavi!" Mwaka uliofuata yakaongezeka mabanda mawili: mashine ya kukamua mafuta, akapewa Ketki, aliyekuja kuhamia kwetu baadaye, na kundi lake, na kinu cha unga. Kisha ikaja mashine ya kandambili. Jozi mia za kwanza zilitoka zote za mguu wa kushoto, na Ketki aliwauliza kama wanamshonea kiwete. Baadaye vitafunio vya mtama. Mpaka wale wanaume wa ukutani wakaanza kuja kuomba kazi ya kupakia mizigo, nasi tukawafanya wasubiri kidogo, maksudi.

Mwisho ikaja rangi. Rangi ya ukuta, kutokana na mavi ya ng'ombe. Mkufunzi kutoka mjini alifika na makaratasi na barakoa puani, akatueleza: kwanza unachuja, unapika kwa magadi makali, unatia dawa ya kuing'arisha, unasaga na unga wa chokaa na gundi, mwishoni kabisa unatia dawa ya kuzuia ukungu. Sisi sote tulikuwa tunatazama miguu yetu. Bhojali akatumbukiza mkono kwenye pipa, akasugua kati ya vidole, akanusa.

"Kumbe!" akasema. "Hii ni kazi ya mama zetu, ila wameivalisha suruali."

Tulicheka mpaka yule mkufunzi akavua barakoa. Lakini alikuwa amesema kweli. Katika vijiji vitano hakukuwa na mtu mwenye mkono kama wake wa kupaka nyumba kwa mavi na udongo mweupe. Palipo na harusi aliitwa yeye. Ua aliousiriba ulilala kama kitambaa, na hata mvua ikipiga haukumenyuka. Baada ya mwezi mmoja alikuwa anaisikia rangi kwa kijiti cha kukorogea: "Bado, inaburuta," au, "Sasa inateleza, zima moto." Mkufunzi alipopima kwa chombo chake, chombo kilisema vile vile.

Mimi nilichaguliwa mwenyekiti kwa sababu nina mdomo. Sifichi. Yeye, katibu wetu, alikuwa mkono, mimi mdomo, na kwa miaka miwili tulikwenda vizuri sana. Hata benki tulipokwenda kufungua akaunti ya kikundi, karani akaniuliza, "Katibu wenu anaitwa nani?" Nikamgusa Ketki ubavuni. "Sema wewe."

Karani akashusha miwani. "Mama, huyu si umekuja naye? Mmekaa kiti kimoja. Humjui jina?"

"Namjua ndiyo maana sisemi," nikamjibu. "Wewe andika, acha maswali." Bhojali alikuwa amejifunika uso kwa sari, mabega yanamtetemeka kwa kicheko.

Kwa miaka hiyo miwili hakupanda lori. Lilikuja, likapiga honi, likaenda. Mongra alisoma mwaka mzima mara mbili mfululizo, akafika darasa la kumi lenye mtihani mkubwa. Bhojali aliponiambia habari hiyo alinishika mikono yote miwili. Alisema, "Banda hili lisife tu, Bhojali. Basi. Sitaki kitu kingine."

Sasa nifike kwenye aibu yangu, maana nimezunguka vya kutosha.

Tulipata kazi ya shule tisa. Rangi ndoo kwa ndoo, mapipa yanachemka tangu asubuhi. Siku tunayomalizia pipa kubwa, tukaambiwa wageni wanakuja kutoka mji mkuu, wana kamera, wanataka kuona mwenyekiti akifanya kazi. Mwenyekiti! Nilivimba kichwa papo hapo. Nikavaa sari ya harusi ya mwanangu, ya kijani yenye ukingo wa dhahabu, kuingia nayo kwenye banda la mavi.

Bhojali alikuwa anakoroga. Imebaki dawa ya ukungu tu. Dawa ile nilikuwa naifungia mimi kabatini, ufunguo kiunoni, kwa sababu ni kali na watoto hupita pale.

"Nipe kijiti," nikamwambia. "Wewe nenda kasiribe pale mbele ya jukwaa, kumechimbika, wageni wataona."

"Dawa bado, Bhojali."

"Nitatia mimi. Mimi sina mikono?"

Akanipa kijiti, akaenda kusiriba. Wageni wakaingia. Nikakoroga upande huu kamera inione, nikakoroga upande ule. "Mama, cheka kidogo." Nikacheka. "Mama, njoo nje, taa ni nzuri zaidi." Nikatoka nje. Nikavishwa shada la maua, nikapewa kipaza sauti, na mimi nikipewa kipaza sauti mnanijua. Niliongea mpaka Ketki akaanza kukohoa kwa nguvu. Niliporudi bandani, wenzangu walikuwa wameshamimina rangi kwenye ndoo na kupiga mihuri.

Kesho yake Bhojali akaniuliza akiosha mapipa, "Ulitia ile dawa?"

Nikasema, "Nimetia."

Sikuwa na uhakika. Kichwani nilijiona nikiitia, kama unavyojiona umefunga mlango. Ningeweza kwenda kabatini kutazama, ni hatua kumi. Sikwenda. Sikutaka kuwa mtu anayekwenda kutazama.

Shule zilipakwa, zikapendeza. Kisha mvua za mwisho zikashuka wiki mbili bila kupumua. Siku moja Jhumuk alirudi kutoka shule ya kijiji cha pili alikopeleka baiskeli ya mwalimu, akavua kofia na kuitazama kwa muda. "Sahodra," akasema, "kuta za shule zimeota ndevu."

Nilikwenda kuona. Madoa meusi, madoa ya kijani, toka chini hadi dirishani. Na harufu, mama yangu! Watoto walikuwa wanaziba pua na kuimba wimbo wa shule ya mavi. Niliondoka kwa miguu yangu bila kumwambia mtu kitu, nikafika bandani, nikafungua kabati. Chupa ya dawa ya pipa lile ilikuwa pale, muhuri haujaguswa.

Nyie, mngefanya nini? Najua mngefanya nini. Mngesema. Mimi niliifunika chupa ile kwa sari, nikaipeleka nyumbani, nikaizika ndani ya mtungi wa mpunga, chini kabisa. Nikanawa mikono, nikapika.

Siku iliyofuata Bwana Dewangan, afisa anayesimamia maeneo ya viwanda, akaja na pikipiki yake. Si mtu mbaya. Lakini alikuwa amepigiwa simu na walimu wakuu watano. Akasimama katikati ya banda, sote tumejipanga kando ya mapipa. "Jamani, shule tisa! Juu wanataka kulifunga banda hili. Wanataka jina la mtu, nao watanyamaza. Siku ile ya pipa kubwa, nani alikuwa kwenye kukoroga?"

Akina mama wananitazama mimi, mwenye mdomo. Bhojali alikuwa mkono wangu wa kulia, karibu hivi, ananuka magadi. Niliiona picha yangu iliyotundikwa mlangoni, mimi na kijiti na shada la maua. Nikafikiri wataishusha. Haki ya Mungu, hilo ndilo nililofikiri: kwamba wataishusha picha.

Ningeweza kusema "katibu." Ningeweza kuelekeza kidole. Hata kusema uongo kuna namna ya kuusema. Lakini mdomo wangu, huu huu ninaojivunia, ukafunguka ukataja jina lake. Jina lake zima, na la marehemu mumewe nyuma yake.

Bibi Dukalhin, anayefagia banda, alijipiga kofi shavuni. Ketki akasema, "Ee!" kama aliyechomwa. Na kilichowashtua hakikuwa tuhuma. Nusu yao tuhuma hawakuisikia. Bwana Dewangan, ambaye hakuzaliwa kwetu, aliandika jina kwenye daftari lake na kuuliza, "Ndiye huyu?"

Bhojali hakunitazama. Aliitazama mikono yake, akaigeuza juu, akaigeuza chini. "Ndiye mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nakoroga, bwana."

Akavua glavu, akazikunja moja ndani ya nyingine, akaziweka juu ya kifuniko cha pipa. Akaenda zake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na ardhi ikakataa.

Tangu siku ile banda zima lilinisemesha kwa vipimo. "Maji yako wapi?" "Yale." Basi. Bhojali nilimwona kwa mbali, kisimani. Nilikuwa nageuza njia. Nikajidanganya kila namna: nitasema wiki ijayo, nitasema shule zikishapakwa upya, nitasema hasira za wakubwa zikipoa. Kwani hakukubali mwenyewe? Nilifika mahali pa kujiambia hivyo, nikiwa natafuna chakula, mpunga uliotoka kwenye mtungi ule ule. Siku ishirini na mbili.

Mpunga ukavunwa. Lori likaja kupiga honi.

Asubuhi ya siku ya ishirini na mbili Mongra aliingia uani kwangu amebeba mfuko wa vitabu na kamba ya mbuzi wao mmoja. Ana miaka kumi na sita, mrefu kumpita mama yake.

"Mama mkubwa, nitunzie hivi," akasema. "Lori linaondoka saa tatu."

"Na mtihani?"

Akainua mabega. "Mama amesema tutaona mwaka ujao." Kisha akasema, na hakusema kwa ubaya, mtoto yule hana ubaya, "Mama amesema nilete kwako. Amesema kwa Bhojali vitakuwa salama."

Kwa Bhojali! Bado ananiita hivyo! Nikakaa juu ya kinu. Siku zote hizo nilidhani anajua na ananichukia, na kuchukiwa nilikuwa nimeshakuzoea, nimekufanya mto nalalia. Sasa huyu hapa ananipa vitabu vya mwanawe.

Nilitumbukiza mkono kwenye mtungi wa mpunga hadi begani. Nikatoa chupa.

Nilikwenda bandani kwanza, mbio, kichwa wazi kama mwendawazimu. Akina mama ndio wanafika, wanafunga aproni. Nikampigia Bwana Dewangan simu, nikaweka sauti ya juu kila mtu asikie, nikainua chupa. Nikasema yote. Kukoroga kwa picha, kipaza sauti, "nimetia," kabati, mtungi wa mpunga. Sauti yangu ilikuwa inatoka kama ya mtu mwingine, mwembamba, asiyejua kuhutubia.

"Dada," akasema Bwana Dewangan, "mngeniambia mapema. Si mmeshaanza kuzipaka upya? Basi mrudisheni yule mama kazini, nitafuta jina lake. Nina mkutano." Akakata.

Ilikuwa nyepesi hivyo! Sikufukuzwa, hakuna aliyenipigia kelele. Kitu nilichomtolea Bhojali kafara kilikuwa chepesi kuliko simu yenyewe. Hapo ndipo nilipolia, na hakuna aliyenifuta machozi.

"Utalia baadaye," Ketki akanifokea. "Lori linanguruma!"

Tulikimbia sote. Lori lilikuwa barabarani mbele ya geti, watu wamekaa juu ya magunia na masufuria. Bhojali alikuwa juu yake, pembeni, amejifunga kitambaa kichwani kama kila mwaka. Ketki akasimama mbele ya lori, mikono kiunoni, akamwambia dereva kama anataka kuondoka ampitie juu yake, ila ajue yeye ni mzito, atamharibia magurudumu. Dereva akazima injini.

Nikamnyooshea Bhojali chupa.

Aliipokea. Akaitikisa kidogo, imejaa. Akapitisha kidole gumba kwenye muhuri, kuzunguka mara moja.

"Haikufunguliwa," akasema.

"Haikufunguliwa. Si wewe. Ni mimi. Nimemwambia afisa, nimewaambia wote. Shuka, Bhojali, urudi."

Bado alikuwa anaitazama chupa. "Uliniambia umetia."

"Nilidhani nimetia."

"Sawa. Mtu anaweza kudhani." Akanitazama sasa, macho makavu. "Hii uliitoa kabatini lini?"

Ningeweza kusema leo. Wenzangu wote walikuwa nyuma yangu, na wameshasikia ya mtungi wa mpunga, lakini yeye hajasikia. Nikasema kweli. "Siku moja kabla afisa hajaja."

Mtoto mmoja juu ya lori alikuwa anatafuna muwa, tunasikia.

"Siku ishirini na mbili nimekaa naiuliza mikono yangu," akasema Bhojali. "Nilikosea wapi? Magadi yalizidi? Moto ulikuwa mdogo? Nilijua wewe umeshaniambia dawa umetia, kwa hiyo kosa ni langu. Hata uliponitaja jina nilisema, sawa, nimemwaibisha, ana haki." Aliinua mikono ile akaionyesha, ina makovu ya magadi hadi kwenye viwiko. "Nilikuwa naogopa hata kusiriba ua wangu."

Kisha akamgeukia binti yake. "Mongra, shuka. Chukua sufuria."

Walishuka. Akina mama wakapokea mizigo, wakaanza kuongea wote pamoja, Bibi Dukalhin akiimba. Mimi nilibeba gunia la mchele lao kichwani, nikitembea nyuma. Nilikuwa nimefurahi, nakuambieni ukweli. Nikadhani yamekwisha. Nilijiona nimetubu, nimesafishwa, kama mtu aliyetoka bwawani.

Mchana ule nilivua ufunguo kiunoni, nikaikabidhi kamati, nikasema sitaki tena uenyekiti. Hawakunibembeleza. Wakamchagua yeye, kwa mikono yote juu, na picha yangu mlangoni niliishusha mwenyewe. Mongra alirudi shule. Mwezi wa tatu akafanya mtihani wake.

Lakini asubuhi ya baada ya siku ile ya lori, ndiyo ninayotaka kumalizia, tulikuwa tunawasha pipa la rangi ya kurudia shule ya tisa. Nilipewa kazi ya kuchota maji na kubeba mavi, nami niliipenda, inanistahili. Bhojali alivaa glavu zake, akakoroga, akasikiliza kijiti. Akatoa dawa ya ukungu kabatini, akaifungua mbele ya wote, akatia. Bandani watu walikuwa wanataniana kama zamani.

Kisha bila kugeuka akaita, "Sahodra, ongeza maji."

Mikono yote ikasimama. Ketki aliinamisha kichwa. Lilikuwa jina langu, la kawaida, la kila mtu. Mume wangu huniita hivyo, mwenye duka huniita hivyo. Yeye alikuwa hajaniita hivyo tangu tuna miaka kumi na mitatu. Na hakuliita kwa hasira, laiti angeliita kwa hasira! Aliliita vizuri, kwa adabu, kama anavyomwita Ketki "Ketki."

Sasa unapita mwaka. Ananisalimia, ananiuliza hali ya wajukuu, nikiugua huniletea uji. Eneo letu limeongezeka mabanda mawili, na rangi yetu imefika hadi hospitali ya wilaya. Mimi jina lake sijalitaja tena, namwita Bhojali, naye huitika, maana ni mtu wa heshima. Yeye mwenyewe neno hilo hajanirudishia. Msimu wa mvua uliopita nilisimama bwawani na jani la ngano mkononi mpaka wasichana wote wakaondoka.

Lakini asubuhi ile sikujua bado kwamba ingekuwa hivyo siku zote. Nilijua tu kwamba maji yanahitajika na pipa linachemka. Nikaitika, "Naam," nikachukua ndoo, nikaenda kuchota.